Karibu Kumi na Moja

Mgeni alifika siku moja kabla ya tarehe ya kukaribishwa, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sanduku la bati kichwani na godoro lililoviringishwa kwapani. Nyuma yake alikuja msichana wa miaka kumi na minne hivi, amebeba ndoo, jembe, fagio mbili na rimu ya karatasi, yaani kila kitu ambacho Wizara humtaka mtoto aje nacho ili asome, ukiacha kitabu. Walisimama kwenye lango la Shule ya Sekondari Kisiki Namba Mbili, vumbi hadi kwenye nyusi, wakabisha hodi.

Mimi ndiye niliyetoka. Nilikuwa na wiki sita kazini, mwalimu wa kemia mwenye cheti kipya kabisa, na Mwalimu Mkuu alikuwa amenipa heshima ya kuwa Mwalimu wa Mapokezi kwa kuwa wenzangu wote waliikataa. Nilipowaona moyo ulinichangamka. Nikafungua kinywa kuwaambia lile neno ambalo mama yangu alinifundisha kabla sijajua kutembea. Kisha nikakumbuka Waraka Namba Tisa, nikakifunga.

"Mmefika," nikasema.

"Tumefika," akajibu yule mwanamke, akingoja.

"Naona mna sanduku."

"Tunalo."

"Kiti kile pale kipo," nikamwambia, nikitazama pembeni. "Hata mtu akikikalia, kitaendelea kuwepo."

Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Akamwambia msichana, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kwamba huenda mwalimu huyu anaumwa.

Lazima nieleze, msije mkaidharau nchi yangu bure.

Nchi yetu ni nzuri na ninaipenda. Haina jina kwa sasa, maana jina tulilolitaka lilichukuliwa na jirani zetu wa ng'ambo ya mto wiki moja kabla yetu, na tangu hapo Kamati ya Jina hukutana kila mwezi kulizungumzia kwa uchungu. Jirani zetu hao wana pia uwanja wa ndege, na ikasemekana kwamba abiria wakishuka pale hukaribishwa vizuri. Jambo hilo lilitunyima raha. Uwanja wa ndege hatukuwa nao, lakini tukaunda Wizara ya Mapokezi, yenye idara kumi na saba: moja ya tabasamu, moja ya mazulia, na kumi na tano za kuzisimamia hizo mbili.

Waraka Namba Tisa ulizaliwa hivi. Mwaka fulani Waziri alikwenda kukaribisha familia za wanafunzi wapya katika shule moja ya mashariki. Alipofika alikuta mpishi wa shule ameshawakaribisha. Mpishi alikuwa amewapokea mizigo, akawauliza habari za njiani, akawapa uji, na akina mama wawili walikuwa wametokwa na machozi. Waziri alihutubia saa moja na nusu, hakuna aliyelia. Mpishi alihamishiwa Idara ya Takwimu, na Wizara ikaamuru kwamba katika msimu wa kufungua shule neno lile ni mali ya Mgeni Rasmi peke yake. Mwanafunzi aliyekaribishwa ataandikishwa siku hiyo hiyo. Ambaye hakukaribishwa hadi saa kumi kamili alasiri atasubiri mwaka mwingine.

Msomaji wa nchi nyingine anaweza kuuliza kwa nini mgeni ndiye awakaribishe watu. Sisi tumelelewa vizuri, hatuulizi.

Nilimweleza haya yote yule mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Bi Rehani. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, kwa sababu kiti sikuweza kumpa. Naye akaeleza yake. Walikuwa wametoka Bonde la Kivumbi, mwendo wa siku mbili. Kwao mtu akialikwa mahali hufika siku ya kabla, awasaidie wenyeji kufagia na kuchota maji. Anayekuja siku yenyewe, akakuta pameshafagiwa, huhesabiwa mpita njia. Ndivyo alivyomleta Mwantumu, binti wa kaka yake, siku ya kabla, kama inavyotakiwa.

"Sasa, mwanangu," akaniuliza, "hatuingii, hatukai. Kufagia nako kumekatazwa?"

Nilikwenda kumwuliza Mwalimu Mkuu, Bwana Lugendo, ambaye alikuwa juu ya tangi la maji na darubini. Alisoma Waraka mara mbili. Akaamua kwamba familia haiwezi kuingia, ila vibarua wanaweza. Basi kwa muda wa kufagia wale wawili wahesabiwe vibarua, na wakimaliza warudi kuwa familia, nje.

*

Sababu ya Bwana Lugendo kuwa juu ya tangi ilikuwa Kisiki Namba Moja.

Namba Moja iko ng'ambo ya barabara. Ukitaka kujua tumekosa nini, simama kwetu uangalie kwao. Lango lao lina simba wawili wa saruji. Letu lina nguzo mbili, moja ikiwa imelala. Bendera yao hupanda yenyewe kwa kamba laini. Yetu hupandishwa na mwalimu wa michezo, akiwa nayo mdomoni. Siku hiyo walikuwa wamefunga mahema sita. Sisi tulikuwa na matano, tukashona shuka za bweni tukapata la sita. Alasiri wakaongeza la saba. Bwana Lugendo aliwaona, akashuka kwenye tangi, akanywa maji, akapanda tena.

Mimi mahema hayakuninyima usingizi. Mimi nilikuwa na maabara.

Yaani wao walikuwa nayo. Maabara ya kweli, ya matofali, yenye mabomba manne yanayotoa maji, beseni mbili za udongo mweupe na kabati la kioo. Mimi nilifundisha kemia kwa kuchora bomba ubaoni na kuwaomba wanafunzi waamini. Na katika maabara ile hakuna aliyefundisha kemia. Ufunguo wake alikuwa nao Azaria, mwalimu wao wa uraia, ambaye tulisoma naye chuo na kukaa dawati moja. Nilimzidi alama mbili katika mtihani wa mwisho. Nazitaja bila nia yoyote. Yeye alipangiwa Namba Moja, na mle maabarani alihifadhi ngoma za bendi na baiskeli yake. Nilikuwa nikipita barabarani jioni namwona kupitia dirishani akinawa mikono kwenye bomba la tatu. Hakuwa na haraka yoyote.

Wizara iliahidi kwamba shule itakayoivutia zaidi, Mwalimu wake wa Mapokezi atachagua kituo anachokitaka. Sasa mnajua kwa nini niliikubali kazi ile.

Jioni hiyo Azaria alivuka barabara, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nifike. Alisimama kwenye nguzo yetu iliyosimama, ufunguo ukining'inia shingoni kwa utepe mwekundu, akatazama ndani muda mrefu.

"Kidawa, dada yangu," akasema, "uwanja wenu kaufagia nani?"

Niligeuka. Bi Rehani na Mwantumu walikuwa wamefika mwisho, wakirudi kinyumenyume ili wasikanyage kazi yao. Kwao Kivumbi hawafagii tu kuondoa takataka. Fagio zao zilikuwa zimeacha mawimbi kutoka langoni hadi ofisini, na katikati ya mawimbi nyayo ndogo za ndege, moja moja, kama kundi zima la njiwa limetua likaondoka muda huo huo. Uwanja wetu, ambao mchana ulikuwa vumbi na maganda ya karanga, ulionekana kama kitambaa cha mtu anayekwenda harusini.

"Sisi tuna mazulia," akasema Azaria, bila kuulizwa.

"Najua."

"Na bendi."

"Zisalimie ngoma," nikamwambia. "Na bomba la tatu liambie nalisalimu."

Akacheka, akasema kwamba ngoma zinakaa vizuri mle, haziunguzi kitu kama kemia. Lakini alipokuwa akirudi aligeuka mara mbili, na moyo wangu, ambao siku zote naulea uwe mwema, ulifurahi vibaya.

*

Walipomaliza kuwa vibarua, niliwasindikiza hadi nje ya lango. Bi Rehani akaenda kumtafuta mama mmoja muuza uji pale jirani, awape mahali pa kulala. Mwantumu alibaki ameketi juu ya sanduku.

Kutoka kwa shangazi yake nilikuwa nimeshajua yaliyobaki. Kule bondeni hakuna msichana aliyewahi kwenda sekondari. Baba yake alikubali mara moja tu, kwa shingo upande, na sharti likawa hili: sanduku likirudi, halitoki tena. Kisima cha chumvi cha baba yake mkubwa kilikuwa kinangoja mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya Mwantumu.

"Mwalimu," akaniuliza, "kesho nani atanikaribisha?"

"Mheshimiwa Naibu Waziri wa Mapokezi."

"Ananijua?"

"Hakujui. Lakini atawakaribisha wote."

Akafikiri. Alikuwa na chembechembe za vumbi kwenye kope, na alikuwa anachora unyayo wa ndege kwa kidole cha mguu.

"Mtu asiyekujua akikwambia karibu," akasema, "utajuaje kama amekuona?"

Nikamwambia basi nitamkaribisha mimi, pale pale kwenye kamba ambayo familia zitapangwa nyuma yake, kwa jina lake. Akauliza, hata kama Mheshimiwa ameshasema? Nikasema hata kama. Akauliza, hata kama watu wapo? Nikasema hata kama.

Niliiona ni ahadi ndogo, ya kutimizwa kwa kunong'ona, wakati wakubwa wakiwa kwenye soda.

*

Asubuhi familia zilifika, arobaini na moja, zikapangwa nyuma ya kamba kulingana na zitakavyoonekana kwenye picha. Wenye masanduku mapya mbele. Wenye magunia kati. Bi Rehani na Mwantumu waliwekwa pembeni kabisa, ila wakaishia mbele, kwa sababu kila aliyefika walimpokea mzigo, na watu waliendelea kuwasogeza.

Saa tatu alikuja Katibu wa Mapokezi, Bwana Mtengwa, mtu mwembamba mwenye mkoba mnene. Aliuona uwanja, akasimama. Akainama, akapima unyayo mmoja wa ndege kwa rula. Mwalimu Mkuu alianza kueleza habari za vibarua, lakini Katibu alimnyamazisha kwa kidole. Alisema amefurahi kuona Sera ya Ufagio imeeleweka mpaka ngazi ya chini. Hatukuwa tumewahi kuisikia sera hiyo. Tuliitikia kwa vichwa. Akaandika jina langu.

Mheshimiwa alitazamiwa saa nne. Alifika saa nane, na akaanzia Namba Moja.

Tulisikia bendi. Kisha bendi ikanyamaza na sauti nzito ikavuka barabara: "Karibuni." Bwana Lugendo, juu ya tangi, akanyoosha kidole kimoja. Tarafa ya Kisiki ilikuwa imetengewa "karibu" kumi na moja kwa mwaka ule, sita zao, tano zetu. Ilitangazwa kwa barua. Lakini bendi ile ilipiga wimbo wa kijijini kwao Mheshimiwa, na Mheshimiwa akaguswa.

"Ya sita," akasema Mwalimu Mkuu kutoka juu. Tukapumua. Kisha uso wake ukabadilika. "Ya saba." Wazazi wakatazamana. "Ya nane. Jamani. Ya tisa, tena ameirefusha."

Alipofika ya kumi na moja alishuka bila kutazama ngazi.

Mheshimiwa alivuka kuja kwetu saa tisa na robo, akikanyaga mawimbi ya Bi Rehani kwa viatu vyeusi, na akapanda jukwaani.

"Ndugu wazazi," akaanza, "elimu ni mlango. Na mlango ni nini? Mlango ni ukuta uliokubali mazungumzo. Serikali yenu imezungumza na kuta hizi kwa miaka mingi, kwa subira, na leo nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ya kuwaambieni neno moja."

Familia zikasogea mbele. Akina mama walishika vilemba vyao.

"Neno hilo," akasema Mheshimiwa, "lina historia."

Akaieleza historia. Mara nne alilikaribia neno, na mara nne alimtazama Katibu, na Katibu akageuza kiganja kuonyesha kwamba hakuna kitu. Mwishowe Mheshimiwa alishukuru kwa usikivu wetu, akasema la kwetu litaletwa kwa barua ndani ya siku kumi na nne za kazi, akashuka kwenda kwenye soda. Katibu akagawa karatasi. Kila familia ilipata Hati ya Kusubiri Kukaribishwa, yenye muhuri, iliyompa mwenye nayo haki ya kukaribishwa miongoni mwa wa mwanzo mwaka ujao.

Watu walipiga makofi. Ni desturi yetu. Tena kulikuwa na mpiga picha.

Saa ya ofisini ilionyesha saa kumi kasoro dakika ishirini.

*

Ndipo Katibu aliponiita kando ya jukwaa. Alisema Mheshimiwa ametembea dunia, hata ng'ambo ya mto amefika, na hajapata kuona uwanja uliofagiwa namna ile. Kuanzia Jumatatu nahamia Namba Moja. Akaniwekea barua mkononi, na juu ya barua akaweka ufunguo wenye utepe mwekundu. Ng'ambo ya barabara nilimwona Azaria, shingo tupu, akitoa baiskeli nje.

Mabomba manne. Niliusikia ufunguo ukiwa bado na joto la mtu mwingine, na nitasema kweli, sikuwaza watoto wa nchi hii. Niliwaza Azaria akinitazama kupitia dirishani.

Nilipoinua macho Mwantumu alikuwa mbele ya kamba, sanduku kichwani. Shangazi yake alikuwa ameikunja ile Hati vizuri, akaifunga kwenye pindo la kanga, maana ndiyo ya kumwonyesha baba mtu. Msichana hakulia. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikajiambia ningoje Katibu aondoke. Katibu hakuondoka. Nikajiambia ninong'one, lakini kutoka jukwaani hadi kwenye kamba ni hatua thelathini, na minong'ono ya nchi hii huwafikia wakubwa kwanza. Nikatembea. Nilipofika kwenye kamba nilikuwa nimeshausahau ule utaratibu wa sauti ya chini.

"Karibu, Mwantumu," nikasema. "Karibu shuleni."

Wakubwa wakaziweka soda chini. Bi Rehani akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa nayo tangu jana.

"Ahsante, mwanangu. Tumekaribia."

Mwantumu akaruka kamba, akatua sanduku.

Katibu alikuwa ameshafika nyuma yangu, akiuliza kwa upole kama nimepatwa na jua. Kabla sijamjibu, baba mmoja mwenye gunia akasema, "Na sisi, mwalimu?" Nikamwambia karibu, baba, na wewe kijana karibu. Mama aliyemfuata alikuwa tayari amenyoosha mkono. Nikawakaribisha mmoja mmoja, nikiuliza jina la kila mtoto kwanza. Bwana Lugendo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili akisema tumekwisha, tumekwisha. Kisha nikamwona anahesabu. Sita, saba. Mikono ikashuka kidogo. Kumi. Kumi na moja. Akatazama ng'ambo ya barabara, ambako walimu wote wa Namba Moja walikuwa wamejipanga kwenye ukuta na simba wao.

"Ya kumi na mbili," akasema Mwalimu Mkuu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona. "Kidawa, usisimame. Leteni rejista. Leteni meza. Waraka unasema aliyekaribishwa ataandikishwa, na mimi ni mtu wa Waraka."

Tulifika arobaini na moja. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tatu.

Bwana Lugendo alinipa kalamu nimwandike wa kwanza. Jina: Mwantumu. Atokako: Bonde la Kivumbi. Safu ya tatu ilisema, Amekaribishwa Na.

Katibu aliinama hadi sikio lake likakaribia langu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kelele zilikuwa nyingi na jua kali, kwa hiyo hakuna aliyesikia vizuri nani kasema nini. Niandike Mheshimiwa kwa majina yote arobaini na moja, naye hatalikumbuka jambo hili. Ufunguo nibaki nao. Watoto wataandikishwa vile vile, kwa hiyo, akasema, hakuna atakayepungukiwa.

Na ilikuwa kweli. Mwantumu asingepungukiwa na kitu. Alikuwa ameinama upande wa pili wa meza, kidevu usawa wa rejista. Kusoma alijua, ndiyo maana alikuwa pale. Alisoma ile safu ya tatu kichwa chini miguu juu, polepole, kisha akangoja kuona nitaweka nani.

Nikaandika: Mwalimu Kidawa. Nikaandika kwa wino wa bluu, kwa herufi kubwa, kama tulivyofundishwa kuandika majina ya kemikali zenye sumu.

Kisha nikamrudishia Katibu barua yake na ufunguo, ambao ulikuwa umeshapata joto la mkono wangu, nikamwuliza Mwantumu jina la babu yake, kwa sababu safu iliyofuata ilitaka babu.